Nyumba ya Muislamu: Sufra ya Asubuhi ya Idi



Mwezi huu twataka kusema na watu wa nyumbani, na hasa mabibi na vijana wa Bariadi na wa mkoa mzima wa Simiyu, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo: namna ya kuipamba na kuitandika sufra ya asubuhi ya Idi-el-Fitri. Twasema asubuhi kwa kusudi. Pilau ya adhuhuri ina mafundi wake wala haihitaji wakili. Lakini chakula kile kinacholiwa watu warudipo kutoka kwenye sala, yapata saa tatu au saa nne, hicho ndicho kinachowakusanya jamaa wote mchana kweupe kwa mara ya kwanza baada ya siku 29 au 30. Na aghalabu ndicho kinachoandaliwa kwa pupa, mama akiwa jikoni na moshi machoni, na watoto wakila kila mmoja katika pembe yake.

Miaka hii Idi yetu imekuja wakati wa mvua. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, mwaka 2025 ikaja Machi unapokwisha. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, itazidi kurudi nyuma hata ifikapo mwaka 2028 itakuwa Februari. Aijuaye nchi ya Usukuma ajua maana ya jambo hili. Nchi ni ya kijani tangu Dutwa hata Nkololo, majaruba ya mpunga yana maji, alizeti imeinua vichwa, na pamba iliyopandwa Novemba na Desemba ingali shambani. Walakini pamba iliyoko shambani si fedha. Soko lake kwa desturi hufunguliwa mwezi wa Mei. Basi Idi yatukuta nchi ikiwa katika uzuri wake wote, na mifuko ikiwa katika ukavu wake wote. Na mtu asiyeyaona yote mawili pamoja hawezi kutoa shauri lolote la maana juu ya sufra ya Bariadi.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Qur'ani Tukufu imelitaja neno "idi" mahali pamoja tu, na mahali hapo ni mezani. Sura ya 5, Al-Maida, imepata jina lake kwa meza ya chakula, na katika aya ya 112 hadi ya 115 yasimuliwa kwamba wanafunzi wa Nabii Isa (A.S.) walitaka wateremshiwe meza kutoka mbinguni. Nabii aliwaonya kwanza wamche Mwenyezi Mungu. Wao wakamjibu kwamba wataka kula humo, nyoyo zao zipate kutulia, na wawe na yakini ya ukweli wake. Ndipo Nabii Isa akamwomba Mola wake ateremshe meza hiyo iwe sikukuu kwao, kwa wa mwanzo wao na kwa wa mwisho wao. Mwenyezi Mungu akaikubali dua, lakini akaiambatisha na onyo kali kwa atakayekufuru baada ya hapo.

Twaomba msomaji aangalie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, watu wale hawakuona haya kusema kuwa wana njaa. Walitaja kula kwanza, kisha utulivu wa moyo. Dini yetu haikukitenga chakula na furaha ya roho. La pili, ile sikukuu iliombewa wa mwanzo na wa mwisho, haikuombewa wakubwa peke yao. Mtu anayetandika sufra ya Idi na ajiulize ni nani wa mwisho nyumbani mwake na mtaani pake, na je, mahali pake pamewekwa?

Sasa twaingia katika mabishano ambayo kila Ramadhani inapokaribia husikika katika nyumba zetu. Vijana wanataka meza, viti na kitambaa; wazee wanasema kula mezani ni bida'a, na Muislamu atandike mkeka chini. Kila upande una hoja, na kila upande hupenda kuitia chumvi hoja yake.

Ni kweli, kama alivyosimulia Anas bin Malik (R.A.) katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) hakuwa akila juu ya meza iliyoinuliwa, chakula chake kiliwekwa juu ya sufra, nayo asili yake ni ile ngozi aliyokuwa msafiri akifungia masurufu yake, kisha akaitandaza na kula juu yake. Basi anayetandika chini amefuata mwendo mwema, wala asichekwe na mtoto aliyerudi likizo kutoka mjini. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye aliitazama mas'ala hii katika kitabu chake kikubwa cha Ihyaa, akayataja mambo manne yaliyozuka baada ya Mtume: meza, chekecheke ya unga, magadi ya kunawia mikono, na kula mpaka kushiba sana. Wala hakuyatia yote katika kapu moja. Magadi aliyasifu kwa kuwa yanaleta usafi; meza hakuona dhambi yake maadamu yamrahisishia mtu kula na haikumletea kiburi; bali katika manne hayo, lililo kubwa zaidi kwa ubaya ni lile la mwisho, shibe iliyopita kiasi. Nasi twasema, ni ajabu ya watu wetu kwamba hugombana juu ya meza mpaka sauti zikasikika barabarani, na juu ya shibe hakuna anayesimama kubishana.

Rai yetu ni hii. Penye mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kukaa chini, au mama mjamzito, meza na kiti ni huruma, na huruma haihitaji fatwa. Waliobaki na wakae mkekani. Lakini jambo moja tunalikataa kwa nguvu, nalo tumeliona likianza kuingia: meza yenye kitambaa na bilauri kwa wageni wenye cheo, na kule nyuma ya nyumba sinia moja la makombo kwa vibarua waliopalilia pamba na kwa mtoto wa jirani aliye yatima. Mtume (S.A.W.) alikiita chakula cha karamu ya arusi kuwa ni kibaya mno pale wanapoalikwa matajiri na kuachwa maskini, nasi hatuoni kwa nini sufra ya Idi ipewe hukumu nyepesi zaidi. Ikiwa viti havitoshi kwa wote wa rika moja, afadhali wote waketi chini.

Na hapa hatuna budi kuzungumzia fedha, ingawa si maneno matamu. Katika simu za vijana hupita picha za sufra za Idi kutoka miji ya mbali: mapulizo ya rangi ya dhahabu yaliyofungwa kama upinde, mapazia ya kukodi, maua ya plastiki, sahani zenye ukingo wa kung'aa, na maandishi ya kutundika ukutani. Binti huonyesha mama, mama hunyamaza, na usiku humwambia baba. Baba naye, kwa kuwa hapendi nyumba yake ionekane nyonge, huenda dukani akakopa kwa ahadi ya pamba ambayo bado haijapasuka. Ikija mvua kupita kiasi, au wadudu, au bei ikashuka, deni la mapulizo litalipwa kwa mahindi ya chakula cha watoto. Mapulizo yenyewe yalikwisha kupasuka siku ya pili.

Sisi hatukatazi mapambo. Ingekuwa ajabu tuyakataze, hali katika Sura ya 7, aya ya 31, Mwenyezi Mungu amewaamuru wanadamu wachukue pambo lao kila mahali pa ibada, akawahalalishia kula na kunywa, na katika aya ile ile akawakataza israfu. Pambo na kiasi vimewekwa chini ya aya moja, kama mume na mke chini ya paa moja. Anayechukua nusu ya aya na kuiacha nusu, awe ni mzee mwenye kununa au kijana mwenye kukopa, wote wamefanya kosa la namna moja.

Basi mama anapoanza kuhesabu gharama za sufra, na aanze na Zakatul-Fitri. Ni pishi moja kwa kila roho iliyo nyumbani, yaani vibaba vinne, kadiri ya kilo mbili na nusu hadi tatu za chakula kinacholiwa sana mahali hapo, nacho kwetu ni mahindi, mchele au mtama. Nyumba ya watu 8 itatoa kilo 20 hadi 24, na zitoke kabla ya sala ya Idi, kwa sababu makusudi yake ni kumsafisha aliyefunga na kumlisha maskini, ili naye awe na kitu cha kutandika. Zikitolewa baada ya sala, kama alivyoeleza Ibn Abbas (R.A.), huwa ni sadaka kama sadaka nyingine. Gunia hilo likishatoka mlangoni, kilichobaki ndicho cha sufra, na kwa hicho mtu aweza kufanya mambo mazuri kuliko yaliyo katika simu.

Tumefika kwenye kazi yenyewe, na hapa tutakawia kidogo.

Jambo la kwanza ni saa. Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru wanawake watoke siku ya Idi kwenda kwenye uwanja wa sala, hata mabinti wanaokaa ndani, na hata wenye hedhi ambao hawasali, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Ni wangapi katika mabibi zetu waliohudhuria sala ya Idi mwaka uliopita? Wengi walikuwa wakigeuza vitumbua. Kwa hiyo sisi twasema wazi, kipimo cha kwanza cha sufra nzuri ni kwamba aliyeitandika aliweza kwenda kusali. Sufra yenye vitu kumi iliyomfungia mama jikoni ni mbovu kuliko sufra ya vitu vitatu iliyomkuta kwenye takbira pamoja na wenzake.

Jambo hili lawezekana, ila lataka mpango, na mpango wenyewe una tatizo moja ambalo sikukuu za watu wengine hazinalo: hatuijui siku mpaka mwezi uandame. Mtu akiukanda unga jioni ya tarehe 29, kisha lisitoke tangazo la mwezi, unga umechacha na kesho ni saumu. Kwa hiyo vitu na vigawanywe mafungu mawili. Visivyoharibika vifanywe mapema bila kungoja tangazo: mkeka uoshwe na kuanikwa, kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi, vikombe vihesabiwe, karanga zichambuliwe na kukaangwa, iliki na tangawizi zitwangwe, kuni zikusanywe na kufunikwa zisinyeshewe. Vinavyoharibika vingoje. Likisikika tangazo la Mufti usiku, hapo mchele wa vitumbua hulowekwa, unga wa maandazi hukandwa, na sufra hutandikwa usiku ule ule ikafunikwa kwa kanga safi. Alfajiri hubaki kazi ya moto tu, nayo si ya mtu mmoja. Mvulana wa miaka 14 aliyeweza kufunga siku zote hawezi kusema hajui kuchemsha maziwa.

Mahali pa kutandika patazamwe kwa busara. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, na mkeka uliowekwa juu yake hulowa kwa chini kabla wageni hawajamaliza kikombe cha kwanza. Atakayetandika uani, chini ya mwembe au mwarobaini, na atangulize turubai, ndipo juu yake aweke jamvi au mkeka. Mbingu ikiwa na wingu zito, sebule yatosha. Makochi yasukumwe ukutani na vile vitambaa vya kufuma, ambavyo kila nyumba ya Tanzania inavyo na hakuna ajuaye vinafanya kazi gani, vipewe kazi siku hiyo ya kufunikia majagi na bakuli za sukari. Hufaa sana, ncha zake nzito hazipeperushwi na upepo.

Katikati ya mkeka huwekwa kitambaa cha chakula. Sisi tungependa kiwe cha pamba. Inashangaza, na kwa kweli inasikitisha kidogo, kwamba mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 na kusifika nchi nzima kwa pamba, umezoea kutandika plastiki yenye picha za matunda ya nchi za baridi. Doti moja ya kanga iliyotunzwa kwa ajili ya siku hiyo hupendeza kuliko plastiki mpya. Ila mama na aisome kanga yake kwanza! Kanga nyingine zina maneno ya kumpasha jirani, na mgeni atakayekaa mbele ya maneno hayo hatajua kama chai aliyopewa ni ukarimu au ni vita. Vile vile haifai kutandika chini ya sahani kitambaa au karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, likamwagikiwa mchuzi na kukanyagwa. Na wenye vitambaa vya picha za wanyama, na wakumbuke habari ya Bibi Aisha (R.A.), aliyetundika pazia lenye picha, na Mtume (S.A.W.) alipolichukia, akalikata akalifanya mito ya kukalia. Hapana haja ya kutupa kitu. Chaweza kubadilishwa kazi.

Juu ya sahani za rangi ya dhahabu twasema neno moja tu. Vyombo vya dhahabu na fedha halisi ndivyo vilivyoharamishwa kuliwa, na rangi si dhahabu. Lakini sahani za bati zilizochanganyika, nyekundu kwa buluu, zilizosuguliwa zikang'aa, hazina deni.

Maua ndipo penye furaha ya majira haya, na ndipo penye hatari pia. Kwa hiyo twaomba kila mzazi asome sehemu hii kwa sauti. Alizeti mbili au tatu katika jagi la maji huangaza sebule nzima, wala hazigharimu kitu kwa mwenye shamba. Majani ya mwembe yaliyooshwa, yakipangwa ukingoni mwa sinia, hukaa mabichi mpaka adhuhuri. Walioko pwani wana asumini na mrehani. Aliyebahatika kuwa na mche wa mrehani katika kopo mlangoni, na auvune siku hiyo. Maua yasiwe marefu. Mtu aliyeketi mkekani aweze kumwona uso anayemkabili.

Lakini msichume maua ya pamba. Twajua yanavutia: siku ya kwanza huwa na weupe wa maziwa, siku ya pili hugeuka wekundu wa waridi. Kila ua moja ni tumba moja, na kila tumba lililochumwa kwa pambo ni pamba iliyopungua mzani wa baba. Zaidi ya hayo, pamba hupigwa dawa ya wadudu mara kadhaa katika msimu, na ua lililonyunyiziwa sumu si la kuweka kando ya maziwa ya watoto. Wala chupa au galoni iliyokuwa na dawa ya pamba isifanywe chombo cha maua, wala cha maji, wala cha maziwa, hata ikioshwa mara saba kwa mchanga na sabuni. Sumu hujificha katika plastiki. Chupa hizo hutobolewa zisitumike tena, na kuwekwa mbali na watoto.

Kadhalika vile vijiti vya kijani vya minyaa, vinavyofanywa ua wa nyumba nyingi huku kwetu, vijana huona vinafaa kupamba kwa kuwa havinyauki. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi, na ukiingia jichoni waweza kumpofusha mtu. Ubaki uani ukizuia mbuzi.

Udi na ubani ufukizwe kabla chakula hakijaletwa, chetezo kiondolewe pale watoto wanapofika. Harufu ya udi na ya vitumbua vya moto, kila moja ni nzuri peke yake.

Sasa chakula. Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Anas, hakuwa akitoka kwenda sala ya Idi-el-Fitri mpaka ale tende, na hesabu yake iwe witri. Basi kisahani cha kwanza kabisa ni cha tende, nacho kiwekwe karibu na mlango alfajiri, kila atokaye achukue moja au tatu pamoja na maji. Asiye na tende ale kitu chochote kitamu alichonacho; makusudi ni kuonyesha kuwa leo si siku ya saumu.

Wakirudi, katikati ya sufra pakae birika au chupa ya chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Pembeni maandazi, vitumbua, chapati zilizokatwa, na kaimati kwa watoto. Wengi wetu Bariadi huona kwamba vyakula vya pwani ndivyo vya Idi, na vya kwetu ni vya siku za kazi. Haya ni mawazo ambayo twayapinga. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kumenywa, vikapangwa katika ungo juu ya majani mabichi, ni pambo na chakula kwa pamoja. Michembe na matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa na bibi zetu tangu kiangazi, vikipikwa na karanga za kusaga, vina ladha ambayo hakuna duka linaloiuza, na katika majira haya ya uhaba huokoa unga wa ngano. Maziwa mgando yatoke katika kibuyu kilichofukizwa vizuri, yamiminwe bakulini mbele ya wageni. Jamaa wa Lamadi na Busega wana ziwa mlangoni. Sato wa kukaanga na ndimu asubuhi ya Idi si jambo la kulionea haya. Na nazi ya vitumbua, ambayo hutujia kutoka mbali kwa bei ya mbali, yaweza kuachwa. Maziwa mazito yatafanya kazi yake, ingawa Mtanga hatakubali.

Yote yafunikwe. Wenye kawa watumie kawa, wasio nazo ungo uliogeuzwa watosha. Wakati wa mvua nzi ni wengi na magonjwa ya tumbo husambaa upesi. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa, na maziwa mabichi asipewe mtoto kwa kisingizio cha sikukuu.

Mikono na inawishwe kwa birika na bakuli, tena kwa sabuni, na mwenye kuzungusha awe kijana wa nyumba, akianza na mgeni mkubwa kwa umri. Hapo ndipo mahali pa kumfundisha mdogo adabu bila kumkaripia. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (S.A.W.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani, Mtume akamfundisha ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mambo matatu, maneno machache, na mtoto yule aliyashika maisha yake yote. Tungewaomba kina baba siku ya Idi wasizidishe hotuba.

Mwisho twawataja majirani. Sisi Waislamu ni wachache katika mkoa huu, na katika mitaa mingi ya Bariadi mlango wa kushoto na wa kulia ni wa Wakristo, au wa wazee wanaoshika mila za mababu. Je, waalikwe? Twajibu kwa sura ile ile tuliyoanza nayo. Katika aya ya 5 ya Al-Maida, chakula cha waliopewa Kitabu kimehalalishwa kwetu, na chetu kimehalalishwa kwao. Ila yale yaliyoharamishwa kwa majina yake, nguruwe na pombe na mfano wa hayo, hubaki haramu kwa yeyote. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi na Idi yetu ikafuata siku 10 baadaye. Mwaka 2025 Idi ilitangulia na Pasaka ikaja tarehe 20 Aprili. Watoto wa mtaa mmoja walivaa nguo mpya katika majuma yale yale. Mtoto wa jirani atakayechungulia uani na kusema "mwangaluka" asijibiwe salamu akaachwa amesimama. Apewe mahali mkekani kati ya watoto wenzake, na kwa mama yake, ambaye huenda ana haya ya kuja bila kuitwa kwa jina, ipelekwe sahani iliyofunikwa, tena na binti wa nyumba mwenyewe, amwamkie, "Shikamoo, mayu," kama desturi ya nchi ilivyo. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) aongeze maji katika mchuzi ili jirani apate. Hakumwambia anunue nyama zaidi.

Twaongeza kwamba sahani hizo ziandaliwe kabla wenyeji hawajaanza kula, zisije zikawa ni mabaki. Tatu au nne zatosha: ya mjane, ya mgonjwa asiyeweza kutoka, ya jirani, na moja ya akiba, kwa maana siku ya Idi hakosi kutokea mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Wageni wakiondoka, wanaume na wavulana na wakusanye vyombo na kuviosha. Mama ameketi, na chai yake ya pili iko mkononi, pengine ndiyo ya kwanza aliyoinywa ikiwa bado ya moto. Makombo ya mkate wapewe kuku. Mkeka ukung'utwe na uanikwe upesi juu ya kamba, kwa sababu mawingu ya alasiri huku kwetu hayana ahadi.